Mbegu Imetoka Wapi? Siku Saba na Wanafunzi, Kutoka Voi hadi Ngomeni

Kabla ya safari

Nyuma ya bweni la wavulana katika shule ninayofundisha, kilomita chache kutoka mjini Voi, kuna bwawa la mita za mraba 300 ambalo halijawahi kuwa na samaki tangu nilipoajiriwa hapo. Lilichimbwa katika ule mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009, uliolenga mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 yaliyoteuliwa nchini Kenya, na kwa mujibu wa wazee wa kijiji lilivunwa mara moja tu. Wanafunzi huliita bwawa la vyura, nao hawakosei, kwani usiku wa mvua vyura wake huwanyima watu usingizi.

Majuma mawili kabla ya kuondoka niliwapa wanafunzi 24 wa kidato cha tatu karatasi tupu, nikawataka waorodheshe viumbe wote wa majini wanaojua kuwa wanafugwa nchini. Wote waliandika ngege, yaani tilapia, na wengi wakaongeza kambare. Wawili waliandika omena, dagaa ambaye huvuliwa kwa taa usiku katika Ziwa Victoria na wala hafugwi. Chaza, kaa, kamba na samaki aitwaye mwatiko hawakutajwa na yeyote, ilhali kutoka shuleni kwetu hadi baharini ni mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Nikaona si haki kuwalaumu, maana hata mimi somo hilo nilikuwa nikilifundisha kwa mifano ya mabwawa ya bara peke yake.

Niliwapa swali moja la kubeba, nikawataka waliulize kila tutakapofika: mbegu imetoka wapi? Wafugaji wa samaki wa pwani hulitumia neno mbegu vilevile kama wakulima wa mahindi, wakimaanisha kiumbe mchanga anayeanzishiwa ufugaji, awe ni kifaranga cha samaki, kaa mdogo au chaza asiyefika ukubwa wa punje ya mtama.

Siku ya kwanza, Jumapili

Tulitoka Voi alfajiri. Dereva alitaka kupita barabara mpya ya Dongo Kundu ili tukwepe msongamano, lakini wanafunzi walimsihi apite Likoni kwa sababu zaidi ya nusu yao hawakuwahi kupanda feri, naye akakubali.

Njiani niliwaeleza jambo ambalo lilizua ubishi hadi Mariakani. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina ngege wake wa asili wawili ambao wanasayansi wamewapa majina mahususi: Oreochromis jipe, aliyepewa jina la Ziwa Jipe lililoko mpakani na Tanzania, na Oreochromis hunteri, ambaye kwa asili hapatikani pengine duniani ila katika Ziwa Chala. Wote wawili wako katika hatari kubwa ya kutoweka. Ngege anayefugwa mabwawani sehemu nyingi ni yule wa Nile, Oreochromis niloticus, ambaye hukua haraka, na akitoroka bwawani huweza kuzaana na jamaa zake wa asili hata ukoo wao ukachanganyika. Msichana mmoja ambaye nyanya yake anaishi karibu na Jipe alisema kwamba nyanya huwaita wote samaki tu, na kwamba siku akirudi nyumbani atamweleza kuwa amekuwa akikaanga kitu adimu.

Siku ya pili, Jumatatu: Gazi

Ratiba nzima niliipanga kwa kufuata mwezi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, katika pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo anayetaka kuona miguu ya mikoko ikiwa mikavu kwa mwanga wa jua hana budi kufika majuma ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Saa nne kasorobo tulikuwa ndani ya matope hadi magotini, viatu tumeviacha kwa dereva.

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kinachojulikana mbali kwa sababu ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu wa mikoko, fedha zake zikirudi kwenye shule na maji ya wanakijiji. Sisi lakini tulikuwa tumefuata kilichong'ang'ania kwenye mizizi ya msitu huo. Mama mmoja aliyejifunga leso mbili, patasi mkononi na nyundo kiunoni, alitusimamisha mbele ya mkoko mkubwa ambao mizizi yake yote, kuanzia tope hadi usawa wa maji yanapojaa, ilikuwa imevaa magamba ya chaza yaliyobanana mithili ya vigae.

"Zamani tulikuwa tukikata mzizi mzima tukauchukua nyumbani," alisema. "Ni rahisi, humbandui mmoja mmoja. Lakini ukikata mzizi wa mwaka huu, mwaka ujao chaza atakaa wapi?"

Ndipo akatupeleka kwenye vichanja. Ni miti iliyosimikwa mfano wa meza pale ambapo maji hupwa kwa muda mfupi tu, na kutoka kwenye meza hizo zinaning'inia kamba zilizotungwa magamba makuukuu ya chaza. (Mwanafunzi mmoja, ambaye ningemwita mkorofi kama si kwamba alikuwa sahihi, aliuliza kama hii ndiyo kamba inayofugwa. Kiswahili chetu kimeamua kwamba ugwe na mdudu wa baharini mwenye masharubu waitwe jina moja, na mwalimu wa bayolojia lazima aishi nalo.)

Nilichukua gamba moja, nikalifuta tope, nikawaomba wahesabu. Walipata chaza wachanga 31, wengine wadogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, kila mmoja amejigandisha kwa upande wake wa kushoto. Chaza huyu wa miambani, Saccostrea cucullata, humwaga mayai na mbegu za kiume majini, na kiluwiluwi kinachotokea huelea na mkondo kwa wiki mbili tatu kikitafuta kitu kigumu cha kukaa. Kikishachagua, hujigandisha hapo na hakihami tena maisha yake yote. Mara nyingi chaza huanza maisha akiwa dume kisha akageuka jike, habari ambayo ilisimamisha somo kwa dakika kumi.

"Mnamlisha nini?" aliuliza kijana mmoja.

Mama alicheka. Chaza halishwi. Hufungua gamba maji yanapojaa, akayachuja, akabakiza vimea vya kijani visivyoonekana kwa macho na kuyaachilia maji yaliyobaki. Kwa mfugaji asiye na fedha za chakula hiyo ni neema, lakini upande wa pili wa neema hiyo ni kwamba kila uchafu unaoingia baharini, ukiwemo wa vyoo vya mjini, huweza kupita katika mwili wa chaza na kubaki humo, na ndiyo maana shamba la chaza haliwekwi karibu na mifereji ya maji machafu.

Swali letu lilijibiwa bila kuulizwa mara ya pili: mbegu imeletwa na maji. Mfugaji ameandaa makao tu, akangoja.

Siku ya tatu, Jumanne: Mtwapa

Asubuhi ilikwisha barabarani, na sina la kusimulia isipokuwa kwamba msongamano wa daraja la Nyali ulitupa nafasi ya kurudia majina ya mikoko: mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, muia.

Mabwawa tuliyoyafuata yamechimbwa nyuma ya mikoko ya hori ya Mtwapa, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, katika uwanda mweupe wa chumvi ambao hauoti kitu. Hilo nililisisitiza sana, kwa kuwa nchi kama Thailand na Ecuador zilikata misitu mikubwa ya mikoko ili kuchimba mabwawa ya kamba, na sikutaka mtoto yeyote aondoke na wazo kwamba bwawa na msitu ni lazima vipigane. Maji hayapandishwi kwa pampu. Kila bamvua, bahari inapofika juu kabisa, mlango wa mbao unainuliwa na bwawa linajaa lenyewe, huku wavu wa matundu madogo ukiwazuia chewa wachanga na wezi wengine wasiingie.

Tulifika kwa wakati. Saa kumi na moja jioni maji yalianza kusukuma mlangoni kwa mlio kama wa mtu anayenywa uji moto, na ndani ya bwawa mwatiko walikuja wote upande ule, wakikata maji kwa migongo yao wakielekea kwenye maji mapya. Mfugaji, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, alirusha kimia mara moja akatupa mmoja tumwangalie. Mwatiko, Chanos chanos, ni samaki wa fedha tupu, mwenye mkia uliopasuka kama mkasi na mdomo mdogo usio na jino hata moja. Chakula chake kikuu ni ule utando wa kijani unaoota chini ya bwawa jua linapopiga maji ya kina kifupi. Mwanafunzi aliyepewa kifaa cha kupimia chumvi alisoma 42 katika elfu, ilhali maji ya bahari wazi huwa karibu 35, na mzee alisema kwamba wakati wa kiangazi hupanda zaidi na mwatiko hajali. Mvua kubwa ikishusha chumvi ghafla, pia hajali.

Kisha likaja swali letu, na hapo aliyeumbuka nilikuwa mimi. Darasani, mwezi uliopita, nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba mwatiko huzaana bwawani kama ngege. Mzee alinitazama kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Mwalimu, huyu hajapata kuzaa hapa. Wala hatazaa."

Mwatiko hukomaa akikaribia miaka mitano, naye hutaga katika bahari wazi, mayai kwa mamilioni. Wa bwawani huvunwa kabla hajafika popote karibu na umri huo. Watoto wake husukumwa na mkondo hadi ufukweni wakiwa na urefu wa sentimita moja na nusu hivi, na hapo watu huwakusanya kwa vyandarua katika vidimbwi vinavyobaki maji yakipwa. Mzee alikuwa na wachache katika beseni jeupe. Mwanzoni wanafunzi waliona nukta nyeusi mbili mbili zikitembea pamoja, na baada ya kutulia ndipo wakaona kwamba kila nukta mbili ni macho ya samaki ambaye mwili wake ni kama uzi wa kioo. Kazi ngumu ni kuwachambua, kwa sababu chandarua hakichagui, na mtoto mmoja wa samaki mla wenzake akiingia bwawani pamoja nao, mavuno yamepungua kabla ya kuanza.

Indonesia, Ufilipino na Taiwan wamemfuga samaki huyu kwa karne nyingi, na tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakimtotolesha kwa wingi vituoni. Mzee wetu bado anategemea beseni lake na msimu.

Usiku tulimla. Mwatiko ana vimiba vingi vyembamba ndani ya nyama, na mpishi alituonyesha namna ya kumchanja ubavuni mistari iliyokaribiana kabla ya kumkaanga, ili mafuta yaviivishe vile vimiba. Hata hivyo watoto wa Taita walikula kwa tahadhari kubwa, kama watu wanaosoma mkataba.

Siku ya nne, Jumatano: Kilifi

Mvua ya kutwa. Tulikaa ukumbini, nikafuta kosa langu mbele ya darasa, nikawaonyesha kwa mchoro tofauti kati ya mwatiko na ngege, ambaye jike lake hubeba mayai na watoto kinywani na huzaa mara nyingi mno, hata bwawa likajaa vidagaa visivyokua. Kwa ngege taabu ni wingi wa mbegu, wala si uhaba wake. Ndiyo maana vituo vingi huwalisha vifaranga chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne ili wote wawe madume. Wasichana walikuwa na maswali mengi kuhusu jambo hilo kuliko nilivyokuwa na majibu.

Siku ya tano, Alhamisi: Dabaso

Hori ya Mida, iliyo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, tuliifikia saa moja asubuhi, maji yakiwa yamejaa na mikoko ikionekana kana kwamba imekatwa kiunoni. Jamii ya Dabaso imejenga hapo daraja la mbao linalopita katikati ya miti hadi kwenye mkahawa uliosimama juu ya nguzo majini, na kaa ndiye mwenyeji anayewavuta wageni.

Kaa wa mikoko, Scylla serrata, hawekwi na mwenzake. Vizimba vinavyoelea vimegawanywa vyumba vyumba, kila kaa na chake, mithili ya mabafu ya bweni. Sababu ni kwamba kaa hukua kwa kuvua gamba zima, na kwa muda baada ya hapo mwili wake ni laini kama mkate uliolowa. Jirani akimfikia wakati huo, humla. Mengi yanayoitwa ufugaji wa kaa huku pwani kwa kweli ni kunenepesha: anachukuliwa kaa aliyetoka kuvua gamba, ambaye ndani amejaa maji, analishwa matumbo ya samaki na tondo waliopondwa kwa majuma machache, hadi nyama ijae.

Kijana aliyekuwa akitutembeza alimfunga kaa magando kwa kamba ya ukili kwa harakati tatu ambazo hakuna aliyeweza kuziiga, akampindua. Chini ya tumbo kuna kifuniko kilichokunjwa: cha dume ni chembamba, kimechongoka kama ncha ya mkuki, cha jike aliyekomaa ni kipana na cha mviringo, nacho hutumika kubebea mayai. Akaminya gamba karibu na mguu wa nyuma. Likibonyea, kaa bado mtupu. Alimpitisha kaa yule mkononi mwa kila mwanafunzi, na wa mwisho, binti ambaye tangu Voi hakuwa amesema neno, ndiye aliyewaeleza wengine upya kifuniko cha jike kilivyo.

Jike hutoka mikokoni akaenda bahari kuu kuachilia mayai. Kiluwiluwi hupitia hatua tano za kuelea, kisha moja inayofanana nusu na kaa, ndipo kirudi mikokoni. Mbegu ya kizimbani, basi, hutolewa shimoni na wawindaji wenye fimbo ndefu za ndoano, na hapo ndipo lilipoulizwa swali ambalo naliona bora kuliko yote ya safari.

"Mkiwachukua wadogo wote mkawanenepesha, ni nani atakayekwenda bahari kuu kuzaa?"

Kijana alikiri kwamba jambo hilo linawasumbua, na kwamba wao jike mwenye mayai humrudisha. Alisema kinachohitajika hasa ni kituo cha kutotolesha kaa, nasi tukamwelewa, maana hatua zile tano zilikuwa bado ubaoni mwa fikra zetu, na katika kila hatua wengi hufa.

Zikaletwa sambusa za kaa. Wanafunzi saba Waislamu hawakula, kwa kuwa kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani kaa si halali, akihesabiwa kuwa kiumbe wa nchi kavu na majini. Wao waliletewa samaki. Mmoja wao alimnong'oneza jirani yake kwamba atakubali kumfuga na kumuuza, bali si kumla, na jirani akamjibu kwamba hata hilo amuulize ustadh kwanza.

Siku ya sita, Ijumaa: Ngomeni

Baada ya Malindi barabara inapita Gongoni kati ya mashamba ya chumvi, milima midogo myeupe inayoumiza macho. Ukifika Ngomeni, baharini unaona majukwaa ya chuma ya San Marco, ambako Waitaliano walirushia setilaiti miaka ya 1960 hadi 1980. Vijana walitaka kuzungumzia roketi, nami nilitaka kuzungumzia kamba, ikabidi tugawane saa.

Hapa, mwishoni mwa miaka ya 1970, palianzishwa shamba la majaribio la kamba kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na kuta za mabwawa bado zinafuatika kwa macho. Waliolengwa ni kamba mkubwa mwenye mistari, Penaeus monodon, na kamba mweupe, Penaeus indicus. Maisha ya kamba ni kama ya kaa yaliyogeuzwa haraka: hutaga baharini, watoto huingia mikokoni wakiwa wadogo kama sindano, hukaa miezi michache, kisha hurudi kilindini. Kwa sababu hiyo bwawa linaloshiba kwa bamvua hupata kamba wachanga bila kuwalipia, ingawa wasiotosha kulijaza. Ufugaji wa kibiashara hudai vifaranga vya kituoni, chakula cha kununua na maji yanayobadilishwa kila mara, na gharama hizo humwelemea mtu mmoja mwenye mabwawa mawili.

Mvuvi aliyekuwa akishona nyavu pembeni aliwasikiliza wanafunzi wakibishana kuhusu hatua za kiluwiluwi, kisha akawauliza wao: "Na nyinyi huko kwenu mnafuga nini?"

Hakuna aliyejibu upesi.

Siku ya saba, Jumamosi

Tulirudi kwa njia ya Mombasa, na tukiwa bado ndani ya basi niligawa karatasi tupu zilezile. Orodha zilikuwa ndefu, lakini zaidi ya majina walikuwa wamechora safu ya pili ambayo sikuiagiza, wakaandika chanzo cha mbegu mbele ya kila kiumbe: chaza: mkondo; mwatiko: ufukwe; kaa: shimo; kamba: bamvua; ngege: mama yake, na kwa wingi.

Jioni, kabla hata ya kuoga, kumi kati yao walikwenda bwawa la vyura na utepe wa kupimia. Kina ni sentimita 60 upande mmoja na mita moja upande wa pili, bomba la kutolea maji limeziba, na ukuta wa mashariki umeliwa na mizizi ya mti. Wengi wanataka ngege madume. Yule msichana wa Jipe anataka samaki wa nyanya yake, nami nilimweleza kwamba samaki aliye hatarini hachukuliwi ziwani kwa ndoo, hata kwa nia njema. Tulikubaliana kuandika barua kwa afisa wa uvuvi wa kaunti. Ina maswali matatu: ni vifaranga gani vinafaa kwa maji ya kisima yenye chumvi kidogo, vinauzwa wapi, na iwapo kuna mtu yeyote, upande wetu au wa Tanzania, anayemtotolesha Oreochromis jipe. Swali la tatu lilipigiwa mstari na mwandishi wake mara mbili, nikaliacha hivyo hivyo.